Waliomfuata Steere: makasisi wa kwanza wa Masasi

Baba makasisi, wazee wa kanisa, ndugu zangu, tumsifu Yesu Kristo.

Tukisimulia historia ya Dayosisi yetu ya Masasi huwa tunaanza na Askofu Edward Steere. Ni kweli, msafara wa mwaka 1876 kutoka pwani aliuongoza yeye. Lakini leo naomba tuwatazame waliokuwa nyuma yake: watu zaidi ya 50, waliokuwa wametekwa, wakauzwa, wakakombolewa na kulelewa na misheni yetu ya Kianglikana, UMCA, kule Unguja. Wengi asili yao ilikuwa bara, huku kusini na upande wa Ziwa Nyasa. Steere alitaka kuwafikisha karibu na ziwa. Walipofika kwenye majabali haya mnayoyaona kila siku, wakaona maji na ardhi nzuri, wakaomba wakae papa hapa. Mimi nasema kanisa letu lilianza na ombi hilo.

Mwaka 1882 wakavamiwa na Wangoni, wale ambao wazee wetu waliwaita Magwangwara. Mtu aliyekwisha kukombolewa mara moja akatekwa mara ya pili! Kazi ikahamia Newala kwa muda.

Ndipo akaja Cecil Majaliwa. Huyu alikuwa Myao, aliyeuzwa akiwa mtoto, akasomeshwa Unguja na kisha Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, kwa chifu Nakaam, na mwaka 1890 akapewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni yetu. Hebu fikirini: amerudi kwa Wayao wenzake, safari hii akiwa amebeba kitabu na kikombe cha Ushirika. Akahudumu huko miaka mingi, bila Mzungu wa kukaa naye na kumwelekeza, na kanisa likakua mikononi mwake.

Dayosisi ilipoundwa mwaka 1926, askofu wa kwanza alikuwa Vincent Lucas, ambaye wengi wenu mnamkumbuka kwa jando la Kikristo. Baadaye, mwaka 1960, akaja Trevor Huddleston. Yeye aliondoka mwaka 1968, na kiti kikakaliwa na Hilary Chisonga, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa dayosisi hii.

Hesabuni wenyewe. Tangu Majaliwa alipowekewa mikono hadi siku hiyo, ilipita miaka 78.