Kabla ya Kipenga: Waamuzi wa Hoki ya Barafuni

(Mhadhara kwa waamuzi wa soka, Mbeya)

Shikamooni wazee, vijana, hamjambo. Nilipoambiwa nizungumzie maandalizi ya mwamuzi, najua wengi mlitegemea habari za kuzunguka uwanja mbio. Hizo mnazo. Leo nawapeleka kwenye barafu, kwa waamuzi wa hoki. Msicheke, sisi tuna nyanda za baridi za Kitulo hapo juu, sakitu tunaijua. Tofauti ni kwamba wenzetu wanaikimbilia, sisi tunaikimbia.

Kwenye NHL, ligi kubwa ya Marekani na Kanada, mechi moja ina waamuzi wanne. Wawili wana utepe wa rangi ya chungwa mkononi, hao ndio wanaotoa adhabu. Wawili wa mistari wanaangalia kuotea na kuamulia ngumi, maana ngumi zipo. Wachezaji hupokezana kila baada ya muda mfupi, hata dakika haifiki. Mwamuzi yumo dakika zote 60, hana wa kumpokea.

Basi aanze na nini? Kiatu. Chini kuna bapa la chuma, na katikati ya bapa kumechimbwa kijifereji, kwa hiyo lina makali mawili, ya ndani na ya nje. Mtu anakaa kwenye benchi, anakigeuza kiatu, anapitisha ukucha polepole kwenye makali. Ukucha ukikwanguka unga mweupe, hapo sawa. Upande mmoja ukiteleza tu, kiatu kinarudi kunolewa, la sivyo atageuka ghafla na mguu utamtoroka. Sasa ninyi mlio mbele hapo, nani aligeuza njumu zake akahesabu meno kabla ya mechi ya juzi? Kimya. Haya.

Kile kisahani cheusi cha mpira wanachokipigania kwa fimbo, wenyewe wanakiita paki, kina gramu 156 hadi 170, nacho hugandishwa kabla ya mchezo. Kikipata joto kinadundadunda kama mpira wa chandimu.

Halafu nyavu. Hapa nitajisema mwenyewe. Miaka ya nyuma, kwenye uwanja wa kata huko Uyole, nilitazama nyavu kwa mbali nikaridhika. Kipindi cha kwanza shuti likapita kwenye tundu la pembeni, likatokea nyuma. Goli au si goli? Mimi nilikuwa mbali, mshika kibendera wangu alikuwa anamtazama beki. Nilitoka pale nimefunikwa koti la mtu nisiyemjua. Kule kwenye barafu waamuzi wa mistari hukagua nyavu kila kipindi kinapoanza, na vipindi ni vitatu.

Lakini kikubwa kuliko vyote ni mazungumzo ya chumbani. Wale wawili wa utepe wanagawana macho. Mchezo ukiwa golini, mmoja yuko karibu na mstari wa goli, mwenzake amebaki nyuma karibu na mstari wa bluu, ule unaotenga eneo la kushambulia, na kila mmoja anajua kipande chake. Wote wakifuata paki, nani ataona fimbo inayopigwa mgongoni kwa mtu? Mimi na yule mshika kibendera hatukuwa tumeambiana neno.

Na hata wao walifundishwa na aibu. Tarehe 14 Mei 1987, Montreal, wenyeji Canadiens na Philadelphia Flyers walikuwa wanamaliza kupasha misuli. Claude Lemieux wa Montreal alikuwa na mazoea ya kuipiga paki kwenye goli tupu la wapinzani akiondoka. Usiku ule akapiga. Mchezaji mmoja wa Flyers akamrukia, na timu mbili zikamwagika uwanjani, wengine hata jezi hawana. Waamuzi? Walikuwa chumbani kwao. Mechi haijaanza, kadi hamna, kipenga hamna, ngumi zinarindima. Baadaye ligi ilikaza adhabu kwa ugomvi wa kabla ya mchezo.

Maswali tutayachukua njiani. Saa kumi kuna mechi hapo jirani, na nyavu zile zilifungwa jana jioni gizani. Wawili waende goli la kaskazini, wawili la kusini, mguse kila fundo kwa mkono. Ndaga fijo, asanteni sana.