Silaha Kali Iuzwe kwa Bei Gani? Mizani ya MechWarrior Online

ZAWADI: Karibuni tena wasikilizaji. Kaka Hamisi leo kaja na hoja yake, kwamba silaha ikizidi nguvu kwenye gemu la watu wengi, kukimbilia kupunguza pigo lake si dawa.

HAMISI: Si dawa ya kwanza, dada. Pigo unalipunguza ukishashindwa mengine yote. Chukua MechWarrior Online, gemu la kupigana kwa maroboti makubwa, ya Piranha Games, wale wa Kanada, iliyotoka rasmi 2013. Silaha zake zimerithiwa kutoka BattleTech, mchezo wa mezani ulioanza 1984. Kule mezani ukifyatua PPC sita, yaani mizinga inayorusha chembe zenye chaji ya umeme, kila moja ina dadu zake. Kwanza ujue imempata mtu au la, halafu dadu mbili zikwambie imegonga wapi. Ikija 7, ni kifua. Ikija 12, kichwa. Kwa hiyo zile sita zinatawanyika: huku mkono, kule mguu, nyingine zinapita hewani.

ZAWADI: Kwenye kompyuta hakuna dadu.

HAMISI: Kuna kipanya. Unalenga kifua, unabonyeza, zote sita zinatua palepale. Pigo la PPC ni 10, kwa hiyo ni 60 kwa mara moja. Sasa roboti la tani 100 kama Atlas, kwa kanuni za mezani deraya ya kifua haizidi 62, mbele na nyuma kwa pamoja.

ZAWADI: Mh! Raundi moja, mtu yuko uchi.

HAMISI: Ndiyo maana deraya ikaongezwa maradufu, ikawa 124. Bado haikutosha. Mwaka 2013 ulikuwa mwaka wa roboti aina ya Stalker zilizosheheni PPC. Unachungulia tu kwenye kona, kifua kimekwenda.

ZAWADI: Wakaleta adhabu ya joto. Ukifyatua silaha za aina moja kupita kikomo chake, ndani ya nusu sekunde, unabandikwa joto la ziada. Roboti linazidiwa na moto, linajizima katikati ya vita. Mimi naona ilisaidia.

HAMISI: Ilisaidia, lakini siipendi. Mchezaji mgeni anafunga AC/20 mbili, mizinga mizito ya risasi, tani 28 za bunduki, anafyatua zote pamoja, joto linapanda ghafla. Hakuna kitu kwenye bunduki yenyewe kinachomwambia kwa nini. Hiyo inamwadhibu asiyejua. Mjuzi yeye alihamia kwenye mchanganyiko: Gauss moja, ile bunduki ya sumaku, na PPC mbili. Aina tofauti, kikomo hakijavukwa, pigo 35 mahali pamoja.

ZAWADI: Gauss ndiyo ilikuwa tamu. Pigo 15, joto 1 tu.

HAMISI: Na hapo ndipo walipofanya kazi nzuri kabisa. Pigo hawakuligusa. Waliweka kuchaji: unashikilia kitufe, bunduki inajaza nguvu, unaachia ndipo inafyatua. Ukichelewa kuachia, chaji inapotea. Sasa fikiria uko mbele ya adui anayezunguka, lazima ukisie atakuwa wapi risasi ikiwa tayari. Aliye mbali na ametulia anafaidi, aliyebanwa karibu anahangaika. Nguvu ipo, bei ipo, na mpinzani anajua la kufanya: akusogelee.

ZAWADI: Leza nazo vilevile. Mwali unawaka kwa muda, si papo hapo. Ukimwona adui anakuchoma, unageuza kiwiliwili, pigo linasambaa mpaka mabegani.

HAMISI: Hiyo ndiyo haki ninayoisema mimi! Anayepigwa ana kazi ya kufanya. Hata silaha za Clan, zile koo za wavamizi katika hadithi ya BattleTech, zilipoingia 2014, ambazo mezani ni nyepesi na kali zaidi, walifuata njia hiyo. Leza zao zinawaka muda mrefu zaidi. Mizinga yao inatoa risasi mfululizo badala ya moja nzito. ER PPC yao, ile PPC ya masafa marefu zaidi yenye pigo 15, wakaigawa: 10 pale ilipogonga, zilizobaki zikaenda sehemu za jirani.

ZAWADI: Nikubane kidogo. LRM je? Makombora ya masafa marefu, unaweza kuyarusha hata kwa adui anayeonwa na mwenzako tu. Wageni wanalia kila siku kwamba yanawamaliza. Wazoefu wanasema hayana maana, kwa sababu wao wanajificha nyuma ya mlima na wanabeba vifaa vya kuyatungua. Silaha ileile, namba zilezile. Utamsikiliza nani?

HAMISI: Mgeni nitampa onyo mapema, na ramani zenye vificho vya kutosha. Nguvu ya kombora nitaipima kwa wazoefu.

ZAWADI: Hapo hatukubaliani kaka. Mgeni akifa mara tano hajamwona aliyempiga, harudi. Na gemu la watu 12 kwa 12 linataka watu 24 kila mechi. Wazoefu peke yao hawalijazi.

HAMISI: Basi kombora lipigwe kwa kumwona adui mwenyewe. Ukitegemea macho ya mwenzako, lichelewe kumkamata.

ZAWADI: Hilo nalipokea. Pigo libaki?

HAMISI: Pigo libaki.