Kabla ya kuwa mshikaji, "dude" alikuwa sharobaro

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunalo neno la mtaani la Kiingereza, herufi nne tu: "dude".

BARAKA: Na si dude letu hili la "hebu niondolee dude lako mlangoni". Hili hutamkwa "duud".

ZUHURA: Mimi nikilisikia namwona kijana wa California, nywele timutimu, ubao wa kuteleza mawimbini kwapani.

BARAKA: Dude wa kwanza angemkimbia huyo! Twende New York, 1883. Kuna vijana wa kishua, suruali zimebana mpaka unajiuliza waliingiaje, kola imefika kidevuni, fimbo mkononi, wanaigiza lafudhi ya Uingereza. Januari mwaka huo gazeti la New York World likachapisha shairi la kuwakebehi, na neno likaenea mji mzima.

ZUHURA: Kumbe ni sharobaro!

BARAKA: Sharobaro mwenyewe. Yupo mmoja, Evander Berry Wall, akiitwa mfalme wa madude. Inasimuliwa siku moja alibadilisha nguo mara 40.

ZUHURA: Arobaini! Nani alikuwa anapiga pasi? Haya, neno lenyewe lilitoka wapi? Maana nimetumiwa WhatsApp kwamba eti ni unywele wa makalioni mwa tembo.

BARAKA: Uzushi mtupu. Barry Popik na Gerald Cohen, waliopekua magazeti ya zamani, wanaelekeza kwenye "doodle" ya Yankee Doodle, wimbo wa zamani wa Kimarekani. Yule wa kwenye wimbo aliyechomeka unyoya kofiani akajiona kamaliza kila kitu.

ZUHURA: Halafu likafikaje kwa wenye ndala wa California?

BARAKA: Kwa kuzunguka. Kule magharibi mwa Marekani, wachunga ng'ombe walimwita dude kila mtu wa mjini aliyekuja kujifanya anajua farasi. Ndiyo maana ranchi za watalii mpaka leo zinaitwa "dude ranch". Halafu miaka ya 1930 na 1940, vijana Weusi na wale wenye asili ya Meksiko, wapenzi wa suti pana za zoot, wakaanza kuitana hivyo wao kwa wao.

ZUHURA: Nguo tena.

BARAKA: Nguo tena! Ila sasa kejeli imeisha, ni mshikaji. Miaka ya 1960 wateleza mawimbi wakalidaka. Mwanaisimu Scott Kiesling aliliandikia makala nzima mwaka 2004. Anasema vijana wa kiume wanalipenda kwa kuwa linaonyesha ukaribu bila kuzidisha.

ZUHURA: Yaani wewe ni ndugu yangu, lakini usinikumbatie sana.

BARAKA: Na sauti ndiyo kila kitu. Ukilivuta, "duuuud", umeshangaa. Ukilikata kavu, unamwambia mtu aache hizo. Ukilishusha polepole, unampa pole.

ZUHURA: Wanawake je?

BARAKA: Zamani walijaribu "dudine", halikudumu. Siku hizi wasichana wanaitana dude tu.

ZUHURA: Nimwite bosi hivyo?

BARAKA: Bosi wa California, sawa. Wa hapa Dar, subiri kwanza mshahara uingie.