Mwana Kupona, tumsome upya

SALIM: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuna kazi moja tu mezani, Utendi wa Mwana Kupona. Dada Mwanaisha, mimi shuleni niliambiwa huu ni utendi wa kumtii mume. Basi, tukafunga daftari.

MWANAISHA: Na mimi vivyo hivyo, kaka, na nilipofika chuo nikauchukia. Mwana Kupona, mwanamke wa kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya, mwaka 1858, maradhi yamemshika mwaka mzima, anamwita bintiye aandike wosia. Anamwambia radhi ya mume ndiyo njia ya peponi. Nikasema, huyu ndiye aliyetufunga kamba!

SALIM: Kwa hiyo ulikuwa mfuasi wa Kate Millett, yule mhakiki wa Marekani, bila kujua. Kitabu chake cha 1970 kiliwachambua kina D. H. Lawrence na Henry Miller, kikaonyesha wanavyomchora mwanamke. Uhakiki wa kifeministi, yaani wa kutetea wanawake, wa wakati ule ulianzia sana hapo, kwenye taswira.

MWANAISHA: Kipimo hicho hakimtoshi Mwana Kupona, maana yeye mwenyewe ndiye mtunzi. Mhakiki mwenziwe, Elaine Showalter, mwaka 1977, aliuliza jingine: wanawake waliandika nini wao wenyewe, na kwa nini wengi wao wamefutika?

SALIM: Lakini huyu hakufutika. Utendi wake unajulikana pwani nzima.

MWANAISHA: Unajulikana kwa jina la kupewa. Alice Werner na William Hichens walipouchapa kwa Kiingereza mwaka 1934, waliuita wosia wa Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Utendi una beti mia na kidogo, na beti nyingi za mwishoni ni dua. Anawaombea watoto wake na ndugu zake, anaomba apone. Ukishasomewa jina lile, dua zote hizo unazipita mbio ukitafuta mume yuko wapi.

SALIM: Tuje kwenye ubeti wa mtoto. Najua unausubiri.

MWANAISHA: Nausubiri kweli! Anamwambia binti amtunze mume kama mtoto asiyejua kunena. Huyo ndiye bwana ambaye pepo iko mkononi mwake, naye anafananishwa na kitoto kisichoweza kusema kinataka nini. Sasa nani anayeiendesha nyumba hiyo? Mtaalamu wa fasihi ya Kiswahili, Ann Biersteker, aliuandikia utendi huu mwaka 1991 kwa jicho la lugha na mamlaka, na tangu nimsome siwezi tena kuupita ubeti ule kimya.

SALIM: Nikupinge kidogo. Nyanya yangu alikuwa somo, aliwafunda mabiharusi wengi. Maneno kama hayo aliyasema kwa moyo mweupe, hana fumbo ndani yake.

MWANAISHA: Nakubali. Lakini nyanya aliyasema mlango umefungwa, mwanamke kwa mwanamke, au sivyo? Mimi simfanyi Mwana Kupona mwasi, hakuwa mwasi. Alimpenda mumewe na dini yake. Naona tu kwamba ndani ya utii ule ule anampa binti ujuzi wa kumwelewa mwanamume kuliko anavyojielewa mwenyewe. Huo si udhaifu.

SALIM: Na watumwa je? Anamwonya binti asichangamane nao, ila wakati wa kazi.

MWANAISHA: Hapo ndipo panaponiuma. Mwaka ule ule wa 1977, Barbara Smith, mhakiki mweusi, aliwaambia wahakiki wazungu wa Marekani kwamba wakisema "wanawake," mwanamke mweusi hawamwoni. Chukua swali lake, lilete Pate. Mle nyumbani mwa mwungwana yumo mjakazi. Naye ana binti, pengine. Wosia wake uliandikwa na nani?

SALIM: Na mwishoni Mwana Kupona anawaita wanawake wote wausome utendi.

MWANAISHA: Wote. Nataka kujua kama alimhesabu na yule mjakazi.

SALIM: Ngoja nifungue beti zile za watumwa. Tuzisome taratibu, tangu juu.