Vitabu ninavyosoma kiangazi hiki, na mzigo wa mama uliokwama forodhani

Haya jamani, habari zenu. Tangu niweke ile video ya bustanini, swali ni lilelile: “Dada, kile kitabu ulichoshika ni kipi? Tutajie na vingine.” Nimesita wiki mbili. Nikitaja vitabu, nitaambiwa najionyesha, nimekaa Ulaya nasoma chini ya mti. Nikisema vimenigharimu nini, nitaambiwa nalalamika na huku nalipwa yuro. Mimi nafanya usafi hotelini zamu ya asubuhi, nikitoka mgongo unawaka. Ila mwezi wa sita hapa Hamburg jua linazama karibu saa nne usiku, na zile saa za jioni ni zangu.

Kile cha bustanini ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Cha Kiingereza kilitoka 1994. Sisi tumekipata kwa lugha yetu 2022, baada ya yeye kupata Nobeli ya fasihi 2021. Yusuf ana miaka 12 anapoondoka na tajiri Aziz akidhani ni ndugu, kumbe ni deni la baba yake ndilo linalolipwa. Mwisho sisemi. Nitasema tu kwamba Wajerumani wamo, na kukisoma nikiwa huku kwao kulinifanya nikifunge, nikatembea kandokando ya mto Elbe mpaka giza likaingia.

Sasa kukipata. Mama alinitumia vitatu kwa posta. Aliyemjazia fomu akaandika “bidhaa”, thamani hakuandika, risiti haikuwemo. Nikaitwa forodhani. Nikaeleza: ni mama yangu, ni vitabu vya kusoma. Wakataka uthibitisho wa bei. Nimekwenda mara mbili, siku mbili za kazi zimekatwa, na kodi nikalipa. Iliniuma, kwa sababu zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi yuro 45 haitozwi kitu, lakini lazima ijulikane kuwa ni zawadi. Bidhaa ya kununua kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, inatozwa kodi hata ikiwa ya bei ndogo. Kwa hiyo mnaotutumia, andikeni “zawadi”, andikeni bei ya kweli, tieni na risiti. Yamenikuta Ujerumani mimi. Wa nchi nyingine aulize kwake.

Kabla ya posta nilimwomba mtu wa karibu anayekuja huku, kilo mbili tu. Akaniambia begi limejaa. Baadaye nikaona picha za dagaa na unga aliowaletea wengine. Nimesamehe, ila nimelisema.

Cha pili kwenye ule mzigo ni Vuta N'kuvute cha Adam Shafi. Mnaoijua kwa filamu, kisomeni. Yasmini kaozwa mzee asiyemtaka, anatoroka, na Unguja ya wakoloni inamzunguka. Kiswahili chake kinanirudisha uchochoroni kwetu. Anza Ijumaa jioni, kama Jumamosi huna zamu.

Cha tatu chembamba, cha kwenye treni: Wasifu wa Siti Binti Saad, cha Shaaban Robert. Mtoto wa mfinyanzi wa Fumba, aliyefika Bombay 1928 kurekodi nyimbo zake kwa Kiswahili. Nilikuwa nacho ofisini nikingoja kibali cha ukaazi, namba yangu haiitwi, saa tatu nzima. Walimdharau kwa sura na kwa asili yake, na bado aliimba. Siku ile nilikihitaji.

Hivi ni vyangu, kwa hali yangu. Mwenye watoto wadogo au zamu za usiku asione amepungukiwa kwa kutosoma.

Mwenye kuja Hamburg mwezi wa nane na ana nafasi ya kitabu kimoja, naomba aniandikie. Ni Rosa Mistika ya Kezilahabi. Mama ameshainunua, ameifunga kwenye kanga, na risiti ameitia ndani.