Ngozi ya Yesu: Picha ya Madhabahu ya Isenheim

Ndugu zangu, naomba tuanze na ngozi. Itazameni. Katika picha hii ya Kusulubiwa, aliyoichora Matthias Grünewald yapata miaka ya 1512 hadi 1516, ngozi ya Yesu imegeuka rangi ya kijani, imechomwachomwa na miiba, na vidonda vimeenea mwili mzima. Vidole vimekakamaa. Wachoraji wengi wa Italia wa zama hizo walimpa Msulubiwa mwili wa kupendeza, huyu anatisha.

Isenheim iko Alsace, leo mashariki mwa Ufaransa. Palikuwa na watawa wa shirika la Mtakatifu Antoni, na kazi yao ilikuwa kuuguza. Maskini walikula mkate wa nafaka iliyoingia kuvu. Sumu yake ilibana mishipa ya damu, mwili ukawaka, mikono na miguu ikaoza hata ikabidi ikatwe. Watu waliuita moto wa Mtakatifu Antoni. Watawa waliwapa wagonjwa mkate safi, marhamu, na divai iliyopitishwa juu ya masalia ya mtakatifu huyo. Na waliwapa picha hii.

Mfikirieni mtu aliyekatwa mguu, ameketi mbele yake. Picha yenyewe ni milango. Ikifunguliwa, mkono wa kuume wa Yesu unaachana na kiwiliwili. Na ubao wa chini, alipolazwa maiti, unatengana penye miguu. Wapo watakaosema ni maungio ya seremala tu. Mimi siamini hivyo: yule mgonjwa aliona mkato anaoujua. Kisha, milango ikishafunguka, anatokea Mfufuka, ngozi nyeupe pee, vidonda vyote vimekwisha isipokuwa alama tano.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza picha ilipelekwa Munich, na watu wakamiminika kuitazama. Mwaka 1919 ilirudi Colmar, mji wa Alsace ilikokuwa kabla ya vita, ambako ipo mpaka leo katika makumbusho ya Unterlinden.

Ndani kabisa, mashetani wanampiga Antoni, na kwenye kona kuna kikaratasi cha Kilatini: Ulikuwa wapi, Yesu mwema, mbona hukuwepo uniponye vidonda vyangu? Katika simulizi la maisha yake, Antoni alijibiwa na sauti: nilikuwa hapa. Grünewald kaandika swali peke yake. Jibu alikwisha kulichora kwenye milango ya nje, lina vidonda vilevile vya wanaouliza.