Klarineti, mpingo na ile swali ya mtoto wa Katuba

Jambo yenu wote, bapapa, bamama, na ninyi bavijana mumekaa kule karibu na mlango kama bantu banataka kutoroka, karibieni huku mbele. Waliniomba nisemeseme juu ya maisha yangu na klarineti, hii chombo ya kupuliza ya muti, miaka ishirini na kitu ya kupiga na kufundisha. Karatasi nilikuwa nimeandika, nimeiacha nyumbani, basi tutaongea tu.

Shikeni hii muipitishe polepole, musiangushe tafadhali. Huu muti munajua unaitwaje? Mpingo. Ndiyo ule ule wa Tanzania na Msumbiji wenye wachongaji banafanyia sanamu. Kila mara mtu ananiambia napiga chombo ya wazungu mimi namujibu muti wenyewe ulitoka upande wetu, ukaenda kutobolewa matundu kule Ulaya halafu unaturudilia na bei ya kuumiza roho. Aliyeianzisha klarineti ni Denner, fundi wa Nuremberg, Ujerumani, karibu mwaka 1700, hiyo sibishi. Lakini hata rumba yetu iliijua, mwanamuziki Essous aliipiga ndani ya bendi ya OK Jazz ilipoanza 1956, ulizeni bazee.

Mimi nilitokea kwenye fanfari, bendi ya vyombo vya kupuliza, ya parokia. Nilikuwa napiga mbio, vidole vinakimbia kama panya, watu banapiga makofi, nikaona mimi njo mwenyewe. Halafu nikapewa kalasi ya batoto kumi na moja na klarineti tatu. Njo hapo mambo iliharibika.

Mtoto mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, miaka tisa, akaniuliza: mwalimu, sababu gani kwenye filimbi nikipuliza nguvu inatoka noti ya jina ile ile, ya juu tu, na kwenye klarineti inatoka ingine kabisa? Nikamujibu njo vile iko. Jibu ya aibu hiyo! Usiku sikulala vizuri, nikatafuta mpaka nikapata. Filimbi inaruka noti nane. Klarineti ni bomba ya upana mumoja toka juu mpaka karibu na chini, na upande wa mdomo ni kama imezibwa, kwa hiyo inaruka noti kumi na mbili. Njo maana vidole vile vile vinakupa jina moja chini na jina ingine juu, na katikati kuna mahali sisi tunaita pasaji, mahali pa kuvuka, toka noti la kwenda noti si. Ile la unaipiga na kidole kimoja tu, mukono karibu wote uko wazi, na noti si inayofuata inataka matundu yote yazibwe kwa mara moja, tundu moja ikivuja kidogo tu inalia kama bata.

Mimi nilikuwa navuka hapo miaka na miaka bila kujua navuka namna gani. Siku ya kumuonyesha yule mtoto nikajisikia: kila nikifika pale nabana koo. Konseti zote nilizopiga, na suti, na koo imebanwa! Dawa yenyewe haina hata ukubwa, ukiwa bado kwenye la weka vidole vya mukono wa kuume kwenye matundu mbele ya wakati, sauti haiharibiki, halafu pumzi iendelee kama hakuna kitu kimepita. Mimi nilichukua karibu mwaka kuirekebisha. Batoto wiki mbili.

Kitu ingine ni baridi ya L'shi, Lubumbashi yetu. Juni asubuhi, hewa kavu, nikatoa klarineti kwenye sanduku nikapuliza moja kwa moja na pumzi ya moto, muti ukapasuka kipande cha juu, niliisikia na masikio yangu, tak. Leo batoto wangu banaanza na ya plastiki, na wenye mpingo naomba bashike kwanza kwenye mikono ipate joto, na ngozi ya chungwa ndani ya sanduku isikauke. Munacheka, lakini inasaidia.

Haya, Mozart. Konseto yake ya klarineti, kipande ya klarineti moja mbele ya orkestra, aliimaliza Oktoba 1791, tarehe 5 Desemba akafariki. Aliandikia rafiki yake Stadler, mwenye klarineti ya kushuka chini kupita hizi zetu, na karatasi ya mkono wa Mozart ilipotea, kwa hiyo tunayopiga wengi ni ile ilipangwa upya iingie kwenye klarineti ya kawaida. Mimi kila nikifika pale inapogeuka ghafla kupanda, nafikiria Stadler angeendelea kushuka, inaniuma kidogo.

Nitawapigia Adagio, sehemu ya polepole ya konseto hiyo. Papa wa jenereta kule inje, zima kwanza tafadhali, taa ikienda si kitu, nimeishika kwa kichwa. Yule mtoto wa Katuba leo iko na miaka kumi na saba, ameketi pale kwenye mustari wa pili, nikibana koo atainua kidole.